Trafeli za Krismasi katika Joto la Pwani

Mwaka wa kwanza nilipotengeneza trafeli nyumbani, nilizibeba kwenda kwa shangazi yangu Mbagala siku ya Krismasi, ndani ya kontena la plastiki nililolipakata kwenye daladala. Zilitoka friji saa tano asubuhi zikiwa arobaini, kila moja imekaa peke yake, imevaa unga wake wa kokoa. Saa saba kasoro nikafunua kontena mezani, watoto wamenizunguka, nikakuta uji mweusi. Shangazi hakusema neno. Alileta vikombe vidogo vya kahawa na vijiko, akagawa, watu wakala na wakasifu. Lakini mimi nilikuwa nimekesha jikoni siku mbili, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza jambo moja: ladha ilikuwa sawasawa, nilikosea wapi?

Nilikosea kwenye joto. Siagi ya kokoa, yaani mafuta ya asili yaliyomo ndani ya chokoleti, huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi. Mwili wa binadamu una nyuzi 37. Ndiyo maana kipande cha chokoleti hukaa kigumu kwenye karatasi yake, kisha kikigusa ulimi kinalegea chenyewe bila kutafunwa. Sasa piga hesabu: Dar es Salaam mwezi wa Desemba, mchana, kivulini, joto ni nyuzi 31 au 32. Ndani ya daladala iliyojaa ni zaidi. Na trafeli hulegea mapema kuliko chokoleti tupu, kwa sababu ina krimu ndani. Yaani hapa kwetu, mwezi huo, hewa yenyewe inakaribia kuwa kinywa. Ukilikumbuka hilo tangu unaponunua chokoleti mpaka unapoweka sahani mezani, utafanikiwa. Ukilisahau hata mara moja, unarudi kwenye vijiko.

Kwa asiyezijua, trafeli ni tonge dogo la chokoleti laini, ukubwa wa kaimati ndogo, lililobiringishwa kwenye unga wa kokoa. Jina lake limetokana na uyoga wa bei kubwa unaoota chini ya ardhi huko Ufaransa na Italia, mweusi na wenye mikwaruzo. Tonge la chokoleti lenye unga wa kokoa linafanana na uyoga huo ukiwa ndiyo kwanza umechimbuliwa, udongo bado umeuganda. Kwa hiyo usihangaike kulifanya liwe duara kama gololi. Lenye kona kidogo ndilo lenye sura yake halisi. Wafaransa huzila hasa wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya, na katika mji wa Chambéry, chini ya milima ya Alps, husimuliwa kwamba zilizaliwa hapo Desemba 1895 mikononi mwa mtengeneza vitamutamu Louis Dufour. Huko Desemba ni baridi kali. Mapishi mengi tunayoyakuta vitabuni yameandikwa kwa ajili ya majiko kama hayo, na mpishi wa Kinondoni au Likoni akiyafuata neno kwa neno ataona aibu isiyo yake.

Anza na chokoleti, na hapo usibane matumizi. Madukani kwetu kuna bidhaa nyingi zenye sura ya chokoleti ambazo ndani yake siagi ya kokoa imeondolewa na badala yake yakatiwa mafuta ya mawese au mengine ya mimea. Zimetengenezwa hivyo ili ziwe rahisi na zivumilie joto la rafuni, na kwa kupamba keki zinafaa. Kwa trafeli hazifai. Geuza pakiti usome viambato: siagi ya kokoa iwepo, na mafuta ya mimea yasiwe yameishika nafasi yake. Kama umeshanunua na una shaka, weka kipande kwenye ulimi na ufunge mdomo. Chokoleti ya kweli itayeyuka yote ikakuacha na kinywa safi. Ile nyingine huacha utando kama wa mshumaa kwenye kaakaa. Ukikuta kipande kina madoa meupemeupe juu, usikitupe: ni mafuta yaliyopanda juu kwa sababu chokoleti ilipata joto dukani ikaganda tena. Kwa kula hivyo hivyo hakivutii, lakini wewe unakwenda kukiyeyusha, na madoa yataondoka.

Chagua chokoleti nyeusi yenye kokoa asilimia 55 hadi 65. Ikizidi sana hapo, mchanganyiko unakuwa mgumu kushikana, na watoto watakunja uso. Ya maziwa inawezekana, ila ni laini zaidi na inahitaji krimu pungufu. Nyeupe siishauri kabisa kwa wakazi wa pwani wasio na kiyoyozi.

Hapa niseme jambo linaloniuma kidogo kila mwaka. Kokoa tunayo. Inalimwa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na inalimwa Kilombero mkoani Morogoro. Wakulima wanapasua maganda, wanavundika mbegu zenye ute wake kwenye masanduku ya mbao, zimefunikwa majani ya migomba, kwa siku tano hadi saba hivi, kisha wanazianika juani. Kazi hiyo ya kuvundika ndiyo inayozaa harufu ya chokoleti. Mbegu isiyovundikwa vizuri haiokolewi na kiwanda chochote. Halafu sehemu kubwa ya mavuno inapanda meli ikiwa mbegu kavu, na inageuzwa kuwa vipande vya chokoleti Ulaya na Marekani, karatasi ikiwa imeandikwa jina la Tanzania. Wachache wanaotengeneza chokoleti hapa nchini kwa kokoa yetu wanastahili fedha zako za Krismasi. Ukipata kipande cha namna hiyo, kionje kwanza peke yake: mara nyingi kokoa yetu ina uchachu mzuri wa matunda. Ukiuhisi, usiweke kiungo chochote kwenye trafeli zako. Iache kokoa iseme.

Krimu inayotakiwa ni ile nzito, ya maziwa, yenye mafuta asilimia 35 hivi, isiyo na sukari. Nyepesi ya kupikia mchuzi ina maji mengi mno. Itakupa sosi ya kumwagia keki. Na ile ya mafuta ya mimea ambayo waoka keki huipenda kwa sababu inasimama vizuri kwenye joto, tayari imetiwa sukari, na ladha yake huifunika kokoa.

Sasa vipimo, na tafadhali tumia mizani. Kikombe cha chokoleti iliyokatwakatwa kinaweza kuwa na hewa nyingi au kidogo, na kwenye trafeli gramu 30 tu zinaamua kama tonge litasimama au litalala. Mizani ndogo ya jikoni si ya gharama kubwa, na utaitumia mwaka mzima. Vitabu vya Ulaya huweka sehemu mbili za chokoleti nyeusi kwa sehemu moja ya krimu, na vingine hulainisha zaidi ya hapo. Kwa Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa mimi huweka gramu 400 za chokoleti nyeusi kwa gramu 170 za krimu, gramu 30 za siagi isiyo na chumvi, na chembe ya chumvi ninayoitia mwenyewe. Ukigawa matonge ya gramu 15 unapata arobaini. Walioko Njombe, Mbeya au Arusha wanaweza kufika gramu 200 za krimu bila wasiwasi; nawaonea wivu. Kwa chokoleti ya maziwa, pwani, shusha krimu mpaka 140.

Kata chokoleti kwa kisu kikubwa, vipande visizidi punje ya hindi. Hili huonekana dogo, lakini vipande vikubwa havitayeyuka kwa joto la krimu peke yake, utalazimika kurudisha bakuli motoni, na hapo ndipo mambo huharibika. Weka kwenye bakuli kavu kabisa. Pasha krimu kwenye sufuria ndogo, moto mdogo, mpaka uone vipovu vinaanza kuzunguka ukingoni na mvuke unapanda. Isichemke ikafura. Imimine yote juu ya chokoleti, tikisa bakuli kidogo ili vipande vizame, funika kwa sahani, na usiguse kwa dakika mbili.

Kisha chukua mwiko na uanze kukoroga katikati tu, viduara vidogo, taratibu, kana kwamba unatafuta kitu kilichozama. Mwanzoni itakutisha. Utaona krimu nyeupe huku, mabonge meusi kule, maji ya rangi ya kahawia yanazunguka, kama vitu viwili visivyotaka kujuana. Endelea hapo hapo katikati. Baada ya muda kitatokea kidoa cheusi kinachong'aa, ukubwa wa sarafu. Hicho ndicho kiini cha kila kitu. Kikishakuwepo, panua viduara polepole, kidoa nacho kinapanuka, kinavuta krimu na chokoleti ya pembeni kuingia ndani yake, mpaka bakuli zima linang'aa kama rangi ya kiatu kipya na mwiko unaacha mfereji unaofunga taratibu. Hiyo ndiyo ganashi. Sasa tia siagi iliyolainika na ile chembe ya chumvi, koroga mpaka ipotee.

Wanawake wa pwani watalielewa lililotokea pale kuliko mtu yeyote, kwa sababu wanalijua tui. Tui la nazi ni mafuta na maji yaliyokubali kukaa pamoja, na ukiliacha lichemke kwa nguvu bila kulichota na kulimwaga kwa upawa, linakatika, mafuta yanaelea juu. Ganashi nayo hukatika kwa namna ile ile. Krimu ikiwa ya moto kupita kiasi, au ukikoroga kwa papara, au chokoleti ikiwa na kokoa nyingi sana, utaona mafuta yanavujia pembeni na katikati pamekuwa kama mchanga. Usimwage. Pasha maziwa kidogo yawe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai katikati, na uanze upya vile viduara vidogo. Isiposhika, ongeza kijiko kingine. Mara nyingi viwili vinatosha kuirudisha. Ilichokosa ni maji ya kuyashika yale mafuta, na hicho ndicho ulichoipa.

Na kwa kuwa tumelitaja tui: trafeli za nazi zinawezekana, na kwa wasiotumia maziwa ni zawadi ya kweli. Chukua nazi kavu, uikune kwa mbuzi, uitie kwenye kifumbu. Kamua kasimile, lile tui la kwanza kabisa lisiloongezwa maji, na ulitumie mahali pa krimu. Lakini kuna jambo ambalo lilinigharimu bakuli mbili kabla sijalielewa. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, ndiyo maana chupa yake hapa Dar ni ya maji karibu mwaka mzima ilhali kwa ndugu zetu wa nyanda za juu huganda ikawa nyeupe. Ganashi ya kasimile basi ni laini zaidi ya ile ya krimu. Tumia gramu 140 za kasimile kwa gramu 400 za chokoleti nyeusi, siagi usiweke, na usiitoe friji mpaka wageni wameketi.

Viungo viwe vichache. Iliki ndiyo niipendayo kuliko vyote: ponda punje sita au saba, ziloweke kwenye krimu ya moto kwa dakika kumi, chuja, na kisha upime krimu tena, kwa sababu imepungua kwa mvuke, ongeza mpaka ifike 170, uipashe upya. Tangawizi mbichi na ganda la chungwa hufanyiwa vivyo hivyo. Karafuu moja inatosha bakuli zima, mbili ni duka la dawa. Kahawa ya unga laini, kijiko kimoja cha chai kwenye krimu, inaiongezea kokoa kina bila yenyewe kujitangaza.

Mapishi mengi ya Ulaya hutia kijiko cha ramu au brandi. Ninakushauri usiweke kabisa, hata kama nyumbani kwako mnatumia. Sahani ya Krismasi hapa kwetu haikai ndani ya nyumba moja. Itavuka ukuta kwenda kwa majirani Waislamu, watoto wao watazila wakiwa barazani na wako, na hakuna mama anayepaswa kuuliza maswali kabla ya kumruhusu mwanawe ale kitu kilichotoka kwako.

Mimina ganashi kwenye bakuli pana lenye kina kifupi, bandika karatasi ya nailoni juu yake ikigusana nayo ili isifanye utando, iache ipoe mpaka isikuchome kidole, kisha iingie friji usiku kucha. Kuumba ni kazi ya alfajiri. Mimi huamka saa kumi na moja, jua bado, jiko limepoa, na feni nimeizima kwa sababu itapeperusha unga wa kokoa mpaka sebuleni. Kwanza chota kwa kijiko matonge yote arobaini bila kuyaumba, uyapange kwenye sinia lenye karatasi ya kuokea. Pima mawili matatu ya kwanza kwenye mizani ili mkono ujifunze gramu 15 ni kiasi gani. Rudisha sinia friji kwa nusu saa. Ndipo uyatoe kumikumi, si yote.

Viganja ndivyo vyenye joto kuliko kitu chochote jikoni saa hiyo. Shika chupa ya maji ya baridi kwa muda, jifute mpaka ukauke kabisa, jipake unga wa kokoa, na ubiringishe tonge mara tatu au nne tu. Ukihisi linateleza, umeshachelewa. Lirudishe friji, chukua jingine. Wenye mikono ya moto wapo, na si kosa lao. Wape kazi ya kubiringisha kwenye unga, na mwenye mikono ya baridi aumbe. Nyumbani kwetu mwenye mikono ya baridi ni binti wa miaka tisa, na kazi hiyo hampi mtu mwingine.

Unga uwe kokoa tupu, isiyo na sukari, iliyochekechwa. Ile ya kutengenezea kinywaji ina sukari, na sukari hunywa unyevu wa hewa yetu: baada ya saa moja trafeli zinatoka jasho na kunata. Hata kokoa tupu itazama baada ya siku moja au mbili ndani ya friji, kwa hiyo zibiringishe mara ya pili siku ya kuzipakua. Korosho za Mtwara zilizokaangwa na kusagwa zisiwe unga, ufuta, au nazi iliyokunwa na kukaushwa kwenye kikaango mpaka iwe rangi ya dhahabu, vyote vinafaa. Nazi ibiringishwe ikiwa imepoa kabisa.

Kuna watakaotamani gamba gumu la chokoleti linalovunjika kwa sauti, kama la dukani. Ili ling'ae na kukaza, chokoleti nyeusi hupashwa hadi nyuzi 45 au 50, ikapozwa hadi 27 au 28, ikapandishwa tena hadi 31 au 32, halafu ikaachwa ikauke kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi. Jiko lenye nyuzi 31 haliwezi kuipoza ifike hapo. Asiye na kiyoyozi asijitese. Unga wa kokoa ndio vazi la asili la trafeli na halina upungufu wowote.

Friji ina maadui wawili: harufu na umeme kukatika. Chokoleti hunyonya harufu kama sifongo, na trafeli zilizolala karibu na kitunguu au dagaa zitasimulia. Zifunge kwenye kontena linalobana. Za krimu zimalize ndani ya wiki moja, za kasimile ndani ya siku tatu. Umeme ukikatika usifungue friji kuchungulia. Ukikosekana zaidi ya saa mbili tatu, hamishia kontena kwenye deli lenye barafu. Chupa za maji zilizogandishwa ni bora kuliko barafu ya vipande, haziachi maji. Deli hilo hilo ndilo la safari: chupa chini, taulo juu yake, kontena juu ya taulo, na uondoke asubuhi. Tangu mwaka ule wa kwanza nimeshafika Mbagala na trafeli nzima mara nyingi.

Mezani zisikae zote. Weka sahani tupu friji saa moja kabla, pakua kumi, baada ya pilau, pamoja na kahawa chungu, mahali ambapo kashata ingekaa. Zikae dakika tano, zilegee nje zibaki na moyo wa baridi. Zikiisha, leta kumi nyingine.

Sahani ya jirani huyatangulia yote hayo. Inavuka saa moja asubuhi, jua halijapanda sana, imefunikwa kawa, na mtoto anayeipeleka ana maneno mawili ya kukumbuka: heri ya Krismasi, na mama amesema muiweke friji sasa hivi.